Jalada la Kuku, Toleo la Nne

Neema wa karakana yetu ya katuni ameniuliza kwa nini, katika lile sanduku la chuma lililo chini ya meza ya kukaushia, kila toleo la Masudi na Kuku Wake lina majalada manne, isipokuwa toleo la nne, lenye matatu tu. Aliuliza wiki ileile niliyoaga kazi, tena akiwa na haraka, kwa sababu yeye na wenzake wanaanzisha mfululizo mpya wa katuni na wanataka kuutoa kwa majalada tofauti kama tulivyofanya sisi. Nilimwambia jibu ni refu na miguu yangu haisimami tena muda wote huo. Basi naliandika nikiwa nimekaa. Vyeo sitavitaja, maana karakana yetu ilikuwa na cheo kimoja tu, na mwenye nacho alikuwa Papa Feruzi. Mshahara nao tuuache upumzike, ingawa haukuwahi kuchoka.

Nilianza kazi kabla ya vita, sijaolewa. Karakana ilikuwa palepale mlipo sasa, mtaa wa Kasuku, nyuma ya soko, ila wakati huo dirisha lilikuwa moja na mvua ikinyesha tulihamisha meza. Papa Feruzi alikuwa mtoto wa familia za Waislamu wa zamani wa Kindu, mchoraji wa vibao vya saluni na maduka ya dawa, ambaye siku moja alichoka kuchora vichwa vilivyonyolewa akaanza kuchora hadithi. Alivaa kofia nyeupe yenye alama za vidole vyake vya wino upande wa kulia. Akifikiri, alijikuna hapo.

Siku ya kwanza hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa karatasi iliyopakwa nta na kipande cha wembe, akaniambia nikate jina langu, Mwamini, kisha jina la mji wetu, Kindu. Mwamini lilitoka vizuri, ila lile tundu la a halikubaki. Kindu nayo ikapoteza tumbo la d. Nyinyi wa kompyuta hamuwezi kujua huzuni hii: ukikata herufi yenye tundu, kipande cha katikati hudondoka chini na herufi inakuwa doa. Papa Feruzi alicheka, akanionyesha kuacha vijidaraja vyembamba vya karatasi ili vya ndani vishikwe na vya nje. Nilikata herufi mpaka vidole vikaota sugu, na ndipo akanipa sura za watu, ambazo ni herufi ngumu zaidi.

Uchapaji wenyewe ulikuwa hivi. Kurasa za ndani zilipigwa kwa mashine ya stensili ya kuzungusha kwa mkono, iliyolia kama punda. Majalada yalipigwa kwa fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chembamba. Chini yake unabandika karatasi uliyoikata, unamwaga wino juu, unauvuta kwa rakleti, na wino unapita pale tu ulipokata. Rakleti yetu ilikuwa mpira wa tairi ya ndani uliobanwa kati ya vibao viwili. Rangi ya pili haiwekwi mpaka ya kwanza ikauke, na karatasi lazima irudi mahali palepale, kwa hiyo tulipiga misumari kwenye kona ya meza, kila jalada likaegemea hapo. Misumari ile bado ipo. Msiing'oe, hata kama mnaona inachana nguo.

Kisha vita vikaja. Vita vyenyewe siviandiki, aliyekuwepo anavijua na asiyekuwepo aulize nyumbani kwao. Nitasema yale yaliyogusa kazi. Treni iliacha kuja, na karatasi ikaacha kuja pamoja nayo. Mji ulizungukwa, wenye bunduki wa mjini walikuwa wamoja, wa porini walikuwa wengine, na watu waliogopa kwenda mashambani kwao wenyewe. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, na siku nyingine tuliisubiri hiyo sombe. Ni wakati huohuo Papa Feruzi alipotangaza kwamba anaanzisha mfululizo mpya. Nilidhani ni njaa.

Hadithi ilikuwa rahisi. Masudi ni msukuma baiskeli, mmoja wa wale waliokuwa wakibeba mawese na chumvi kwa miguu kutoka Kindu mpaka Punia. Kwenye usukani wake amekaa kuku, jina lake Madame, anayepelekwa kwa mama mkwe wa Masudi, kwa sababu Masudi alioa na hakuwahi kupeleka kuku, na mama mkwe hajamsamehe. Njiani kila anayekutana nao anataka kumla Madame. Hiyo ndiyo hadithi yote. Katika mji wenye njaa, watu walifuatilia toleo baada ya toleo kuona kama kuna kuku mmoja katika jimbo zima la Maniema ambaye hataliwa.

Madame alikuwa na jicho moja limefumbwa. Wasomaji waliandika sababu nyingi za jicho hilo, wengine walisema ni ujanja, wengine ni mshale wa zamani. Ukweli ni kwamba nilipokata sura yake mara ya kwanza kile kipande cha jicho kilidondoka, hatukukiona, na Papa Feruzi alipotazama jalada lililokauka alisema kuku anakonyeza, aachwe akonyeze.

Sasa majalada. Kwanza hatukuwa na karatasi nene ya aina moja. Tulikuwa na mafaili ya zamani, migongo ya kalenda, na karatasi ya mifuko ya saruji iliyopigwa pasi. Mtu mwingine angelia. Papa Feruzi alisema kama karatasi hazifanani, basi na picha zisifanane, tena kwa makusudi. Hadithi mpya haijulikani na mtu, alisema. Mteja hamjui Masudi, anajijua mwenyewe. Atasimama akiona kitu chake. Nilipobisha kwamba watu watachanganyikiwa, aliniuliza kama nimewahi kuhudhuria harusi Kindu. Nilikuwa nimeolewa mwaka uleule.

"Kwa harusi wamama wote wanavaa kitambaa kimoja," alisema. "Lakini kila mumoja anaenda kwa fundi wake. Huyu anashona mabega, huyu anashona kiuno. Kuko anayeuliza kama ni kitambaa ingine? Hadithi njo kitambaa, Mwamini. Jalada njo mushono."

Hadithi ndiyo kitambaa, jalada ndiyo mshono; basi tukashona mishono minne. Jalada la kwanza lilikuwa Masudi na baiskeli kwenye matope, kwa ajili ya wasukuma baiskeli na wote waliokuwa na ndugu porini. La pili mtumbwi ukivuka Lualaba na vikapu vya mboga, kwa akina mama wa Alunguli ambao bustani zao ziko upande ule. La tatu baiskeli peke yake imeegemea mlango, bila mtu wala mnyama, kwa sababu Papa Feruzi aliwajua watu wake mwenyewe, kuna wazee wasiopenda sura ya kiumbe ikae chumbani wanaposali. La nne lilikuwa Madame peke yake, akikonyeza, kwa watoto na kwa kila mwenye njaa.

Vitambaa vya fremu vilikuwa taabu kubwa. Lazima matundu yawe madogo na sawasawa. Tulijaribu pazia, likavutika. Tulijaribu chandarua, wino ukamwagika kama uji. Mwisho nilileta shela yangu ya harusi. Ilitoa fremu nne na kipande kimoja kikabaki, chenye ukingo uliodariziwa, nikakikunja nikakiweka kwa ajili ya binti nitakayemzaa. Mume wangu Salumu aliniuliza kama nina hakika. Nilimwambia shela haivaliwi mara mbili, na kama ana mpango wa harusi nyingine aseme mapema.

Salumu ndiye aliyekuwa mwuzaji wetu. Nilimpata palepale kazini, kwa hiyo hata ndoa yangu ni sehemu ya kumbukumbu hizi. Alitundika majalada yote manne kwenye kamba moja sokoni, yamebanwa kwa vibanio vya nguo, na hapo tulijifunza jambo ambalo mnalipa watu wa mji mkuu wawafundishe: mtu akiona kitabu kimoja anapita, akiona vinne vinavyofanana na wakati huohuo havifanani, anasimama ajue kuna nini. Akishasimama, Salumu alimtazama viatu, mzigo, mikono, kisha akachomoa kimoja na kumwambia, "Hii njo yako." Hakukosea mara nyingi. Watu walifurahi kuchaguliwa kuliko kuchagua.

Kosa la kwanza lilitokea katika toleo la kwanza. Mama mmoja wa hapahapa Kasuku alinunua lenye Madame, akalipenda, akarudi akanunua lenye mtumbwi akidhani ni hadithi inayoendelea. Alifika karakana na vitabu vyote viwili akiwa ameviinua juu kama mtu anayepeleka ushahidi wa uchawi, akatuita wezi mbele ya foleni ya mafuta. Alikuwa na haki. Papa Feruzi alimrudishia bei ya kimoja, akamtuliza, akakuna kofia siku nzima. Kesho yake akaja na mkanda: ukanda mpana wa rangi chini ya kila jalada, rangi moja kwa toleo zima, na namba yake ndani. Toleo la pili likawa na ukanda wa kijani kwenye majalada yote manne. Ukiona kijani umeshalisoma, hata kuku awe wapi. Rangi nyekundu tulitengeneza kwa ule unga wa mti waliojipaka bibi zetu. Kijani sisemi tulitengeneza kwa nini, Neema anakula mezani pale.

Huo mkanda ndio uliotuponza.

Ili kufika Alunguli ilibidi kuvuka mto, na mahali pa mitumbwi palikuwa na kizuizi cha askari. Siku moja Salumu alifika hapo na mzigo wa toleo la pili. Askari alifungua, akakuta picha nne tofauti, zote na ukanda mmoja wa kijani na namba moja. Akauliza kwa nini kitabu kimoja kina sura nne. Salumu, ambaye swali hilo lilikuwa linaulizwa na wateja kila siku, alijibu kama anavyojibu wateja, kwa moyo mmoja na kwa fahari ya kazi yake. Alisema hii ya mtumbwi ni ya watu wa ng'ambo, hii ya velo, yaani baiskeli, ni ya wale wanaoingia porini, kila mtu ana yake na yeye ndiye anayejua ya nani ni ipi.

Mtu akitaka kufungwa kwa ujasusi hawezi kusema vizuri kuliko hivyo.

Mama mmoja wa mtumbwi alikuja mbio kuniambia wamemchukua. Wakati ule waliochukuliwa kwa tuhuma ya kuwasiliana na porini hawakurudi wote, na waliorudi hawakurudi wazima. Nilikwenda na Papa Feruzi mpaka nyumba ya kamanda, karibu na mto. Kamanda alikuwa mtu aliyetoka mbali, mtulivu, na utulivu wake ndio ulionitisha. Alikuwa amepanga vitabu vyetu mezani kwa mafungu manne, kama karata.

"Kitabu kimoja, sura ine, mukanda mumoja," alisema. "Sasa, muzee, uniambie. Muntu wa pori akipata hii ya velo, anafanya nini?"

"Anasoma, chef, mukubwa wangu," Papa Feruzi alijibu.

Kisha akaomba jambo moja: askari wanne waitwe, kila mmoja apewe jalada lake, mmoja asome kwa sauti na wengine wafuate kurasa. Kama kuna neno moja linalotofautiana, atufunge sote. Kamanda alikubali, nadhani kwa kuchoka na mchana. Wakaanza. Yule msomaji alisoma vizuri, wenzake wakafunua kurasa pamoja naye, na kila ukurasa ulikuwa uleule. Nilipaswa kufurahi. Lakini mimi niliizungusha ile mashine, nilijua kurasa zote kwa mpangilio, na nilijua ukurasa unaokuja.

Katika toleo la pili Masudi anafika kwenye kizuizi. Wenye kizuizi wanadai kodi, na kodi wanayoitaka ni Madame. Wanawasha moto kabisa. Madame anawatazama kwa lile jicho moja, anataga yai juu ya meza yao, anaruka na kurudi kwenye usukani, na Masudi anasema kodi imelipwa. Soko zima lilikuwa limecheka hiyo picha. Papa Feruzi, aliyekichora kizuizi, hakuwa amefikiria kwamba siku moja itasomwa ndani ya nyumba ya kamanda.

Msomaji alipunguza sauti alipofika hapo. Akamaliza sentensi ya mwisho karibu kwa kunong'ona. Papa Feruzi alikuwa anatazama viatu vyake. Halafu askari mmoja aliyekuwa karibu na mlango alishindwa kujizuia, akasema huyo mnene mwenye moto ni fulani wa kizuizi cha soko, ni yeye kabisa, hata tumbo, na wote wanne wakaangua kicheko. Kamanda hakucheka. Alichukua kitabu kimoja, akaitazama picha ile kwa muda, kisha akafunua mpaka ukurasa wa mwisho, ambapo Masudi amekwama mbele ya daraja lililovunjika.

"Na huyu kuku," aliuliza, "atafika kwa mama-mukwe?"

Papa Feruzi alimwambia itajulikana mbele. Kamanda akasema vizuri, si alama za adui, amekubali. Lakini toleo la tatu litoke na sura yake kwenye jalada, majalada yote, ili watu wajue nani anaulinda mji. Siku tutakayolileta ndiyo siku tutakayomchukua mtu wetu. Tulipotoka nilimwona Salumu uani, amekaa chini bila viatu. Aliniona, akajaribu kusimama, akaambiwa akae.

Njiani nilisema tuchape jioni ileile. Papa Feruzi aliendelea kutembea. Tulipofika karakana nilishika fremu zote nne nikaziweka mezani, nikamwambia achore, na alipoiacha kalamu mezani nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mwalimu wake, kwamba anapenda kuku wa karatasi kuliko mume wa mtu. Alinisubiri nimalize.

"Wakimutoa leo, kesho atabeba nini?" alisema. "Atavuka na sura ya ule muntu kwa mufuko wake. Ng'ambo hawatamuuliza hata jina, mama."

Wale wa porini walikuwa wakiua kwa kidogo kuliko hicho, na wote tulilijua hilo. Ukichapa, wanamuua wale. Usipochapa, wanamuua hawa. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikalia, kwa sauti, kama mtoto. Papa Feruzi alikwenda dirishani, akajikuna kofia muda mrefu, kisha akageuka na kuniuliza kama kile kipande cha shela bado ninacho.

Alimchora kamanda kwa kumbukumbu. Alimpunguzia tumbo na kumwongezea mabega, kama fundi yeyote anayemjua mteja wake, akamweka mbele ya daraja akimwonyesha Masudi njia. Mimi niliwamba kile kipande cha shela kwenye fremu ya tano, kisha nikakata. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kukata, rangi tatu badala ya mbili, sura yenye kivuli cha kofia, na kila kijidaraja chembamba kama uzi. Tulichapa jalada moja. Lilitoka zuri kuliko yote tuliyowahi kutoa, na uzuri huo uliniudhi sana. Tulilishonea hadithi ya toleo la tatu, tukachukua kitabu hicho kimoja, na fremu yake chini ya kwapa, tukaenda.

Kamanda alikitazama kitabu, akauliza vingine viko wapi. Hapo Papa Feruzi alisema yale mnayoyaita leo mkakati. Yeye aliyasema akiwa amevua kofia.

"Chef, zile tunapigia watu wote, wanakalia, wanafungia karanga. Sura ya mukubwa inaweza kufungia karanga? Kwa mukubwa tunapiga moja. Moja tu, njo heshima." Akaweka fremu mezani, akachukua wembe wangu, akakichana kitambaa kutoka kona mpaka kona, na ukingo uliodariziwa ukaning'inia. "Sasa hakuna mwingine atapata. Hata mimi siwezi tena."

Kamanda alikigusa kile kitambaa, akanigeukia mimi.

"Mama, ni kweli? Hakuna kitambaa ingine?"

"Ilikuwa shela yangu ya harusi, chef," nilisema. "Imeisha."

Alinitazama, akakitazama tena kitabu chake, akakifunga ndani ya karatasi. Kisha akawaambia wamlete Salumu.

Toleo la tatu lilitoka kwa majalada manne kama kawaida, ukanda wa njano. La tano alikuwa nalo mtu mmoja. Baada ya muda askari wale waliondoka Kindu, tukaweza kutoa toleo la nne, la mwisho, ambamo safari ya Madame inafika mwisho wake. Salumu aliendelea kuuza, ila hakuwahi tena kumwambia mteja "Hii njo yako." Alitundika manne kwenye kamba, akakaa pembeni, akanyamaza. Mtu akimuuliza achukue lipi, aliangalia upande mwingine. Nilidhani itapita. Haikupita, miaka ikaenda, Papa Feruzi akafa, nikabaki na funguo, kompyuta ikaja, mashine ya punda ikawa kiti cha kuwekea maua, na bado mume wangu alikuwa mwuzaji asiyesema neno.

Papa Feruzi aliacha agizo moja: sanduku la chuma, jalada moja la kila aina la kila toleo, na hakuna kuuza hata moja. Nililishika agizo hilo. Kila mwaka nililitoa juani kwa ajili ya mchwa.

Sasa ninafika kwenye swali la Neema. Mwezi wangu wa mwisho kazini alikuja dada mmoja mgeni, amevaa vizuri, Kiswahili chake cha mashariki. Alitoa kitu ndani ya mfuko wa plastiki, na kabla hakijatoka chote niliziona rangi tatu. Alisema baba yake amefariki, na kati ya vitu vyake wamekuta kitabu hiki. Aliwasomea walipokuwa wadogo, mara nyingi, na kila alipofika mwisho alikifunga na kusema hajui kama yule kuku alifika. Jalada lilikuwa safi kama siku nililolikata. Kurasa za ndani zilikuwa zimelainika kama kitambaa cha kubebea mtoto. Nilimuuliza baba yake alikipataje.

"Alituambia walimupa zawadi, hapa Kindu," alisema.

Hasira ilinipanda mpaka nikashika meza. Zawadi. Nilitaka kumwonyesha uani alipokaa mume wangu bila viatu, nilitaka kumwambia kile kitambaa kilikuwa nini. Alikuwa mtoto mdogo wakati ule, au hajazaliwa, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyetoka kuzika. Nikamrudishia kitabu chake. Aliuliza kama toleo la nne bado linapatikana, nikafungua kinywa kumwambia limekwisha, jambo ambalo lilikuwa karibu na kweli. Salumu alikuwa amekaa mlangoni na alikuwa amesikia yote. Alinyanyuka polepole, kwa magoti yake ya sasa, akalivuta sanduku kutoka chini ya meza, akayapanga majalada manne ya toleo la nne mbele ya yule dada, moja kando ya jingine, kama kwenye kamba. Nilimtazama. Hakunitazama.

Yule dada aliyaangalia kwa zamu, akauliza la kweli ni lipi. Nilimwambia yote ni ya kweli, ndani ni kilekile. Akauliza kama kuku alifika. Salumu akamwambia atasoma. Kisha akamtajia bei, bei ya kawaida ya soko la leo, si ya juu wala ya chini, na yule dada akalipa.

"Lakini nichukue gani?" aliuliza tena. "Mimi sijui kuchagua."

Salumu alimtazama viatu, akatazama mfuko wa plastiki, akatazama mikono yake. Nilidhani atageuza uso, kama alivyofanya miaka yote hii. Akachukua lenye Madame, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akamkabidhi.

"Hii njo yako," akasema.